Kwenda Uluru na watoto: tunaruhusiwa nini, na jiwe hili nilirudishe wapi?

MamaImani aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Adelaide, na baada ya kuahirisha kwa miaka kadhaa tumekusudia kwenda kuliona jabali la Uluru, katikati ya jangwa la Australia, katika likizo ndefu ya shule ya mwezi wa Januari. Tutakwenda kwa gari letu wenyewe, safari ya takriban kilomita 1,600, kwa hiyo sitaki nifike kule ndipo nianze kuuliza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kufunga mizigo.

Swali la kwanza ni la adabu. Nafahamu kwamba jabali hilo ni mahali patakatifu kwa Anangu, ambao ndio wenye nchi ile, na kwamba kulipanda kumepigwa marufuku. Kinachonitatiza ni kuona mahali hapohapo pakitangazwa kwa watalii kila kukicha. Je, mgeni anayekwenda anakaribishwa kweli, au anavumiliwa tu kwa ajili ya fedha anazoacha? Nisingependa kuwapeleka watoto wangu kuzurura katikati ya ibada ya watu.

La pili ni la mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 14. Ana kamera mpya, na amesikia shuleni kwamba kuna sehemu za jabali zisizoruhusiwa kupigwa picha. Aliniuliza kwa nini kitu ambacho kila apitaye anakiona kwa macho yake kisipigwe picha, nami nikakosa la kumjibu.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Shemeji yangu alikwenda huko mwaka 2008, akapanda mpaka juu, na akarudi na jiwe dogo jekundu linaloenea kiganjani. Aliposikia kwamba tunakwenda, alilileta nyumbani likiwa ndani ya soksi ya mtoto, akaniomba nilirudishe. Hakueleza sana, alisema tu kwamba halimpi raha. Tangu Jumapili limekaa juu ya kabati la vyombo na hakuna anayeligusa. Nikifika, niliweke tu chini ya jabali, au kuna utaratibu wake?

Sefu_Yulara alijibu:

Mama Imani, nilifanya kazi ya jikoni kwa miaka miwili katika hoteli moja pale Yulara, mji mdogo ulio nje ya mpaka wa hifadhi ambako wageni wengi hulala, kwa kuwa ndani ya hifadhi hairuhusiwi kupiga kambi. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na naomba radhi kwamba nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza.

Kama mna njia nyingine yoyote, msiende Januari. Joto la kiangazi pale hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Utabiri wa siku ukifika nyuzi 36, njia ya Bonde la Upepo kule Kata Tjuta, majabali mengine ya hifadhi hiyohiyo, hufungwa saa tano asubuhi, na hata Uluru kwenyewe wahifadhi huwataka watembezi wawe wamemaliza kufikia saa hiyo. Njia ya kulizunguka jabali ni kilomita 10.6, huchukua kama saa tatu na nusu kwa mtu mzima mwenye nguvu, na kwa sehemu kubwa haina kivuli. Kwa watoto hiyo ina maana ya kuamka gizani, kutembea na lita moja ya maji kwa kila mtu kwa kila saa, kisha kushinda chumbani hadi jioni mkisikiliza kiyoyozi. Nimewaona wazazi wakirudi saa nne asubuhi wamembeba mtoto aliyekuwa mwekundu kama jabali lenyewe. Likizo ya Julai ni afadhali mara kumi: mchana ni kama nyuzi 20, nzi ni wachache, ingawa usiku baridi hushuka hadi karibu na sifuri na wakati mwingine chini ya hapo, kwa hiyo bebeni majaketi mazito na msidanganywe na neno jangwa.

Njiani, jazeni petroli Glendambo, kwa sababu kutoka hapo hadi Coober Pedy ni takriban kilomita 250 zisizo na kituo. Mkifika Erldunda mtaiacha barabara kuu na kukata kushoto. Kutoka hapo ni kama kilomita 245. Usiku msiendeshe kabisa, kwani kangaruu, ng'ombe na ngamia hupumzika barabarani. Na mtakapoona mlima mkubwa uliokatwa bapa juu, upande wa kushoto, watoto watashangilia kwamba wamefika. Huo ni Mount Conner. Kila mgeni hudanganyika hapo, hata mimi.

Sasa swali lako la adabu. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ya Australia iliwakabidhi Anangu hatimiliki ya ardhi ile, nao siku hiyohiyo wakaikodisha kwa idara ya hifadhi za taifa kwa miaka 99. Bodi inayoisimamia hifadhi ina wajumbe 12, na wanane kati yao huteuliwa na Anangu. Kwa hiyo marufuku ya kupanda haikutoka mbali: ni bodi hiyo iliyoamua kwa kauli moja, mwezi Novemba 2017, na njia ikafungwa tarehe 26 Oktoba 2019, siku ya kumbukumbu ya makabidhiano. Kiingilio ni dola 38 za Australia kwa mtu mzima kwa siku tatu, walio chini ya miaka 18 hawalipi, na robo ya makusanyo huenda kwa wenye ardhi. Anayelipa mlangoni ameingia kwa watu walioamua wenyewe kupokea wageni na kuweka masharti ya ugeni huo. Naona hilo ni tofauti sana na kuvumiliwa.

Kuhusu jiwe, tafadhali usiliweke mahali popote wewe mwenyewe. Lipeleke kwa wahifadhi katika Kituo cha Utamaduni, useme lilitoka sehemu gani kwa usahihi iwezekanavyo. Shemeji yako hayuko peke yake. Vifurushi vya mawe hufika pale kwa posta kutoka nchi mbalimbali, vingine vikiwa na barua ndefu za watu wanaosimulia mikosi iliyowapata tangu walipoyachukua, hata yamepewa jina la mawe ya samahani. Tatizo ni kwamba mhifadhi hawezi kulirejesha jiwe asilojua lilikotoka, na mchanga kutoka mbali unaweza kuja na mbegu au wadudu wageni. Kisheria, kuchukua jiwe, mchanga au mmea ndani ya hifadhi ni kosa, lakini kwa aliyekuja kurudisha sijapata kuona mtu akikaripiwa.

Mwalimu Rehema alijibu:

Naomba nilichukue swali la kijana wako, Mama Imani, kwa sababu nadhani ugumu wake unaanzia kwenye neno moja.

Maisha ya Anangu yanasimama juu ya kitu wanachokiita Tjukurpa. Wazungu walikitafsiri kuwa «wakati wa ndoto», na tafsiri hiyo imepotosha wengi, maana katika habari hizo hakuna aliyelala wala aliyeota. Tjukurpa ni habari za viumbe wa mwanzo waliosafiri nchi ilipokuwa haina umbo, wakaipa umbo kwa kutembea kwao, kupigana kwao na kula kwao. Lakini papo hapo ni sheria inayoongoza ndoa, malezi, uwindaji na utunzaji wa ardhi mpaka leo. Kwa Kiswahili nilitaka kusema «jadi», kisha nikajizuia, kwa sababu jadi kwetu inanukia mambo yaliyopita, na Tjukurpa haijapita.

Sasa mpeleke kijana kwenye njia fupi ya Kuniya, upande wa kusini wa jabali, inayoishia kwenye dimbwi la Mutitjulu. Kuniya, chatu jike, alifika Uluru akiwa amebeba mayai yake. Mpwa wake aliuawa kwa mikuki na wapiganaji wa Liru, nyoka wenye sumu. Shangazi yule akaja kwa hasira, akampiga Liru mmoja kichwani kwa fimbo yake ya kuchimbia: pigo la kwanza lilikuwa jepesi, la pili likamuua. Simama pale uinue macho. Utaiona mipasuko miwili ukutani, mmoja mfupi na mmoja mrefu wenye kina, nayo ndiyo mapigo yenyewe. Hakuna anayesema kwamba inafanana na mapigo. Upande wa chini, karibu na maji, kuna pango lenye michoro iliyopakwa kwa udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu wazee walikuwa wakichora ili kufundisha na somo lililofuata lilichorwa juu ya lililotangulia.

Hiyo ni habari ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisikia na njia ambayo kila mtu anaruhusiwa kuipiga picha. Zipo sehemu nyingine, hasa mkiliendea jabali upande wa kaskazini-mashariki, ambazo habari zake ni za wanaume peke yao au za wanawake peke yao, kwa waliofikia daraja ya kuzipokea. Anangu wenyewe hulinganisha maumbo ya sehemu hizo na maandiko matakatifu, na wanataka yaonwe pale yalipo tu. Mwambie kijana kwamba jabali halitembei, lakini picha inatembea: unaipiga leo, kesho iko kwenye simu ya mtu mwingine, na kesho kutwa mwanamume wa Anangu anaonyeshwa kitu ambacho sheria yake imemkataza kukiona tangu alipozaliwa, bila yeye kupenda. Macho yako yanapita na kuondoka. Kamera haiondoki. Mabango yamewekwa kandokando ya njia kuonyesha mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, kwa hiyo hatakisia. Na droni aiache nyumbani, hairuhusiwi kabisa.

Jambo moja zaidi, ambalo watoto hulipokea vizuri kuliko wazazi. Wageni husimuliwa habari kwa kiwango kile wanachosimuliwa watoto wadogo wa Anangu. Ukiuliza zaidi, mara nyingi utajibiwa kwa ukimya au kwa tabasamu, na si ufidhuli. Ni kwamba swali lako limefika kwenye mlango ambao hujapewa ufunguo wake.

Kizito alijibu:

Nawashukuru kwa maelezo, ila naomba niruhusiwe kutofautiana kidogo, bila kumkosea mtu heshima. Kisayansi jabali lile ni mchanga wa kale uliogandamana yapata miaka milioni 550 iliyopita, tabaka zake zikainuliwa na nguvu za ardhi hadi zikasimama karibu wima, na wekundu wake ni kutu tu ya chuma kilichomo. Ukilivunja, ndani ni la kijivu. Limekuwapo kabla ya binadamu yeyote. UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987 kwa sababu ya maumbile yake. Ikiwa ni urithi wa dunia, je, inafaa kundi moja lizuie wengine wasilipande kwa sababu ya imani ambayo wengine hawana? Mimi ni Mkristo na ninapanda milima, na sijawahi kuona kwamba kupanda ni kutukana.

Babu Jumbe alijibu:

Ndugu Kizito, mwaka 1996 nilikuwa na maneno kama yako, na miguu yenye nguvu zaidi, kwa hiyo acha mimi nikujibu badala ya mwalimu.

Nilipanda. Wakati ule haikukatazwa. Kulikuwa na bango chini, lenye lugha kadhaa, likieleza kwamba wenye nchi wanakuomba usipande. Nilisoma neno «wanakuomba» nikalitafsiri kuwa «unaweza», kama mtoto anavyomtafsiri mama yake. Ulikuwapo mnyororo uliofungwa kwenye vigingi vya chuma, uliowekwa mwaka 1964 na kurefushwa baadaye, na bila huo nisingemaliza hata robo, maana ukuta ule ni mkali na umelainishwa na viatu vya waliotangulia. Viganja vyangu vilinuka chuma mpaka usiku. Katikati ya njia upepo ulimpokonya kijana mmoja kofia mbele yangu. Akanyosha mkono kuifuata, na mwanamke aliyekuwa naye akamkamata mkanda wa suruali. Hatukusemezana. Tuliendelea kupanda, sote watatu, kama watu waliosahau walichokuja kukitafuta.

Niliposhuka ndipo nilipouliza nilichopaswa kuuliza kabla. Njia ile ya kupandia inafungamana na safari ya wanaume wa Mala, kundi mojawapo la wale viumbe wa mwanzo, waliofika Uluru katika Tjukurpa na kuja kusimika mti wa sherehe juu yake. Anangu wenyewe hawakuwa wakipanda kwa matembezi. Walikuwa wakitutazama kutoka chini na kutuita minga, yaani sisimizi, kwa namna tulivyoonekana kwenye mstari. Na lililonichoma zaidi ni hili: mgeni akifa katika nchi yao, wao hujiona ndio waliopaswa kumlinda, na huomboleza. Watu wasiopungua 37 walikufa kwa kupanda pale, wengi wao moyo ukisimama. Kwa hiyo kila nilipodhani ninahatarisha maisha yangu mwenyewe, nilikuwa ninawawekea watu wengine dhamana ambayo hawakuiomba.

Ongeza na hili lisilosemwa mezani: juu kule hapakuwa na choo. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa maporomoko mazuri ajabu kutoka kila upande, na huingia katika madimbwi yaleyale ya chini ambayo wanyama na watu waliyategemea. Fikiria waliokuwa wakipanda kwa mamia kwa siku, kisha ufikirie mvua.

Kuhusu urithi wa dunia, umesema kweli nusu yake. Mwaka 1994 UNESCO ililiorodhesha tena, safari hii kwa ajili ya utamaduni wa watu wake, kwa hiyo hata dunia hiyo unayoitetea imekwisha kukiri kwamba jabali na wenyewe havitenganishwi. Na kutu ya chuma haipingani na Kuniya. Maji ya zamzam nayo yana madini yake, na hakuna anayehiji kwa ajili ya madini.

Kizito alijibu:

Shikamoo, Babu. La choo na maji sikuwa nimelijua, na limenishinda zaidi kuliko hoja ya imani. Nabaki na wasiwasi kuhusu kanuni kwa ujumla, lakini kwa jabali hili sina la kuongeza.

Babu Jumbe alijibu:

Marahaba, mwanangu. Baki na wasiwasi wako, haudhuru. Ukienda, tembea njia ya chini yote, kilomita zote kumi na kitu. Juu nilikaa dakika ishirini nikaona tambarare, chini nilishinda asubuhi nzima na sikumaliza kuangalia.

Mwalimu Rehema alijibu:

Nyongeza ndogo kwa Mama Imani, kwa kuwa Babu ametaja Mala. Mala ni mnyama pia, jamaa mdogo wa kangaruu, aliyekwisha kutoweka porini katika bara la Australia, na tangu mwaka 2005 wamerudishwa hifadhini ndani ya uzio maalumu wa kuwakinga na paka na mbweha. Kuna matembezi ya bure asubuhi yanayoongozwa na mhifadhi kwenye njia ya Mala hadi korongo la Kantju; hayafiki kilomita mbili na nusu kwenda na kurudi, na ni tambarare, kwa hiyo hata mwanao wa mwisho atayaweza. Anzeni na hayo na Kituo cha Utamaduni kabla ya kuzunguka jabali, vinginevyo mtazunguka mkiona mashimo na mikwaruzo tu. Kijiji cha Mutitjulu kilicho karibu ni makazi ya watu na hakiingiwi bila kibali, hata kama ramani ya simu itawaelekeza huko. Na mtu akiwaambia «palya», mjibuni «palya»; ni salamu, ni asante na ni sawa, vyote pamoja.

MamaImani aliandika tena:

Nawashukuru sana, na Babu, shikamoo. Tumeibadilisha safari iwe Julai. Mume wangu amekubali alipoona hesabu ya maji. Kijana amesoma maelezo ya Mwalimu mara mbili, akauliza kama anaruhusiwa kuchora kwa penseli badala ya kupiga picha. Nimemwambia kwamba mchoro nao unatembea, akanuna kidogo, kisha akasema ataichora ile mipasuko miwili ya Kuniya na kuyaacha mengine.

Limebaki jiwe. Nilimpigia shemeji kumuuliza aliliokota wapi hasa, nikitegemea aseme karibu na maegesho ya magari. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema aliliokota juu, kileleni, pembeni ya kidimbwi kidogo cha maji ya mvua. Sasa hata nikijua lilikotoka, hakuna ruhusa ya kulifikisha. Sefu, hapo wahifadhi hufanyaje?

Sefu_Yulara alijibu:

Hapo kazi yako inaishia kaunta, Mama Imani, na usiibebe zaidi ya hapo. Mweleze mhifadhi kama shemeji alivyokueleza, bila kupunguza: lilitoka juu, mwaka 2008, pembeni ya maji. Mwombe shemeji aandike kwa mkono wake mwenyewe, hata mistari mitatu, uambatanishe, kwa sababu aliyelichukua ni yeye. Watakaoamua liende wapi ni wenye nchi, na huenda wasikuambie. Soksi mrudishie mtoto.